Birika na Kifuniko

Kitabu cha kumbukumbu kilinifikia
kimefungwa kwa kamba ya kiatu.
Ukurasa wa kwanza, kwa penseli:
*Hietasalmi, Machi 1931.
Wanachama tisa. Mbwa kumi na wanne. Fedha: hakuna.*

Walikutana ghala la wazima-moto,
theluji imefika vizingiti vya madirisha:
Kemppi mhunzi, Aune mkunga,
na ndugu wawili wa kinu cha mbao
wasiosemezana
ila kupitia mbwa wao.

Kombe lilikuwa ghali. Aune akaleta birika la jikoni kwake,
la shaba, mdomo umepinda kama pua ya bondia.
Atakayeshinda, alisema, anywee kahawa mwaka mzima,
mwakani alirudishe limesuguliwa.
Kemppi akachonga kwa msumari jina la kwanza: Pomo,
jike jekundu, mkia pete mgongoni,
aliyebwekea msonobari tangu asubuhi hadi adhuhuri,
na msonobari haukuwa na ndege.
Mwamuzi aliandika: *Sauti nzuri. Ukweli haba.*

Kisha kurasa nne nyeupe.
Katibu alikwenda mpakani na mbwa watano
wa kuvuta majeruhi juu ya theluji.
Akarudi na vidole saba, bila mbwa.
Tangu hapo mwandiko wake umeinamia upande
kama mtu anayepita kwenye upepo.
*Onyesho la Agosti. Mbwa wanne. Kahawa: ya mizizi.*
Wanne tu, lakini waliwazungusha uwanjani,
wakawapima mabega, wakawakagua meno,
na mwamuzi alilia alipomfikia wa tatu.
Katibu haelezi kwa nini.

Mwaka wa hamsini na nane tuliharibu wenyewe.
Ushindi ulimwendea mbwa wa shemeji ya mwamuzi,
mbwa mwenye mkia ulionyooka kama mpini wa jembe.
Maneno yakawa makali kuliko meno.
Watu wa upande wa kanisa wakatwaa birika,
wa upande wa stesheni wakaiba kifuniko.
Miaka kumi na mmoja, Jumapili ile ile,
maonyesho mawili, barabara moja katikati,
mbwa wa huku wakiwabwekea wa kule,
waamuzi wakijifanya viziwi.

Nilikuwa mtoto. Nilivuka barabara
kumfuata Rilla wetu, aliyekata kamba
akaenda kujilaza katikati ya uwanja wa maadui.
Walimpima. Wakampa nafasi ya pili.
Baba hakula chakula cha jioni.

Aliyetupatanisha hakuwa mchungaji wala wakili.
Aune alikufa, miaka tisini na miwili,
na kwenye matanga mmoja akaleta birika,
mwingine, bila kuambiwa,
akatoa kifuniko mfukoni mwa koti.
Havikuingiana vizuri. Shaba nayo hupinda.
Hadi leo ukimimina kinachezacheza,
tik, tik, tik,
na mzee yeyote aliyepo hutazama pembeni.

Mbwa hafi maji akiona ufuko,
lakini ufuko wetu unazidi kusogea.
Tumebaki saba. Kinu kimefungwa, treni haisimami,
vijana huja Agosti na vijibwa vya mjini vilivyovaa makoti.
Mwaka huu akaja pia Oiva, miaka minane,
na mbwa koko, sikio moja juu, moja chini.
Kanuni ya nne inamkataa. Niliisoma kwa sauti,
yote, pamoja na tarehe na sahihi.
Mtoto akauliza kama nimemaliza.
Yule koko alikuwa anautazama msonobari wa lango,
mtupu, mrefu,
akaanza kubweka.

Birika halina tena nafasi ya jina.
Nililipindua. Kwenye tako lake
bado kuna masizi ya jiko la Aune.
Nikamwuliza Oiva: anaitwaje?
Nikaomba msumari.